Upelelezi wa jikoni: aina ya riwaya inayomfaa msomaji wa Tabora

Kuna hadithi za kipelelezi ambazo mtu hufa katika kurasa za mwanzo, damu haionekani sana, na anayemfichua muuaji si askari wala jasusi bali ni mtu anayepika: mwenye mgahawa, mwoka keki, au mjane anayejua nani hapo mtaani hali vitunguu. Uingereza na Marekani zina rafu nzima za vitabu hivi madukani. Kwa Kiswahili bado hazina jina moja lililozoeleka, hivyo katika makala hii tutaziita riwaya za upelelezi wa jikoni.

Msomaji aliyekua na Willy Gamba wa Elvis Musiba au Joram Kiango wa Ben Mtobwa anaweza kuziona ni hadithi za kubembelezea watoto. Hakuna bastola, hakuna magari yanayofukuzana usiku, hakuna majasusi wa makaburu. Kuna chai, kuna mkate unaoungua kwa sababu mpishi amezama katika mawazo, na kuna swali linalorudi kila sura: aliyekufa alikula nini, alikula na nani, na nani alipakua? Swali hilo linaonekana dogo. Kwa mikoa ya magharibi mwa Tanzania si dogo hata kidogo, na huko mbele tutaeleza kwa nini.

Zilikotoka

Mzizi wake ni Agatha Christie wa Uingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali, akazijua sumu kwa majina na vipimo. Riwaya yake ya kwanza, The Mysterious Affair at Styles, iliyotoka mwaka 1920, inamhusu bibi tajiri aliyepewa sumu nyumbani kwake, na sehemu kubwa ya uchunguzi inazunguka kikombe cha kahawa na kakao ya usiku. Mwaka 1930 alimleta Miss Marple katika riwaya kwa mara ya kwanza, bibi kizee anayefuma sweta huku akisikiliza umbea wa kijiji. Polisi humdharau mwanzoni. Mwisho wa kitabu humwomba ushauri.

Christie hakuwa akiweka mapishi vitabuni. Hilo lilishika Marekani baadaye. Virginia Rich alitoa The Cooking School Murders mwaka 1982, Diane Mott Davidson akafuata na mpishi wake wa sherehe mwaka 1990, kisha Joanne Fluke mwaka 2000 na mwoka biskuti Hannah Swensen. Humo msomaji anakuta vipimo vya unga na siagi katikati ya uchunguzi wa mauaji. Wako wanaonunua kitabu kwa ajili ya mauaji na wako wanaonunua kwa ajili ya biskuti, na wachapishaji hawajali ni yupi.

Afrika nayo imeingia. Alexander McCall Smith, aliyezaliwa Bulawayo, alianza mwaka 1998 mfululizo wa Mma Ramotswe wa Gaborone, mama mnene mwenye heshima zake, anayeendesha ofisi ya upelelezi kwa birika la chai nyekundu. Katika kitabu cha kwanza, kati ya kesi ndogondogo za waume wasiotulia, imo ya mtoto anayehofiwa kuuawa kwa ajili ya dawa za waganga. Mwaka 2015 Sally Andrew wa Afrika Kusini alitoa Recipes for Love and Murder. Mpelelezi wake, Tannie Maria, yaani shangazi Maria, anaandika safu ya mapishi katika gazeti la mji mdogo. Safu inageuzwa kuwa ya ushauri wa mapenzi, na yeye anajibu kila barua kwa ushauri pamoja na chakula cha kupika. Kisha mwanamke aliyemwandikia kuhusu mume anayempiga anakutwa amekufa. Mapishi yapo mwishoni mwa kitabu, na hayakuwekwa kama pambo, kwa sababu Maria mwenyewe ni mjane wa mume aliyekuwa akimpiga, na kupika ndiyo lugha yake ya kusema yasiyosemeka.

Yupo pia Mtanzania mmoja katika ukoo huu, ingawa kitabu chake si cha mauaji. Ni Angel Tungaraza, mama wa Bukoba anayeoka keki Kigali katika riwaya ya Gaile Parkin ya mwaka 2009, Baking Cakes in Kigali. Wateja huja kuagiza keki na kuacha siri zao sebuleni. Hiyo ndiyo kazi ya mpishi katika vitabu hivi: watu hawamfichi kitu, kwa sababu hawamhesabu kama mtu anayechunguza.

Bwana Msa na fumbo

Kiswahili kina mpelelezi wake mtulivu tangu zamani. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alishinda shindano la uandishi wa hadithi la East African Literature Bureau la mwaka 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa mwaka 1960. Humo tunakutana na Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum. Ujamaa wao na Sherlock Holmes na Watson hausitirki. Vilifuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vingine, cha mwisho kikiwa Kosa la Bwana Msa mwaka 1984.

Bwana Msa si mpishi. Lakini namna anavyofanya kazi ni ileile: anakaa, anauliza, anaacha watu wazungumze mpaka wajikanyage. Katika kitabu cha kwanza mtu tajiri anakutwa ameuawa kwenye mzimu wa wazee, mahali ambapo watu hupeleka nadhiri, na wengi wako tayari kuamini kwamba mzimu ndio ulioua. Yeye hakubali. Anatafuta mkono wa binadamu, na sababu ya kibinadamu, na anavipata. Kwa maoni yetu huo ndio mchango mkubwa wa Abdulla: alichukua umbo la Kiingereza akaliuliza swali la kwetu, ambalo Holmes hakuulizwa mara nyingi, kwamba je, ni pepo au ni mtu?

Ladha ya hadithi hizi haikuwa ngeni kwa wasomaji wake. Aliyekulia kwenye vitendawili anaifahamu. Mmoja anatega, wengine wanahangaika, na wakishindwa wanatoa mji ndipo jibu litolewe. Kanuni ni moja: jibu liwe ndani ya maneno yaliyotegwa, asije mtegaji akaleta kitu ambacho hakuna aliyeweza kukikisia. Riwaya nzuri ya upelelezi ni kitendawili cha kurasa 200. Ukifika mwisho ukagundua kwamba muuaji hakuwahi kutajwa kabla, umedhulumiwa, una haki ya kudai mji wako urudishwe.

Jiko la njia ya misafara

Sasa tulete jiko hilo Tabora. Mji huu ulikuwa kituo kikubwa cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo hadi Ujiji. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh Novemba 1857 walikuta wafanyabiashara wa Kiarabu wametulia, wana nyumba za tembe na bustani. Stanley alipopokewa mwaka 1871 aliandika orodha ndefu ya alivyoletewa: sinia la wali, mchuzi wa kuku, mikate ya ngano, maandazi ya moto, mapapai, makomamanga na malimau, kisha ng'ombe, kondoo, mbuzi, kuku na mayai. Hiyo ilikuwa meza ya wakubwa. Mpagazi wa Kinyamwezi, aliyebeba pembe za ndovu au vitambaa, alipimiwa nafaka kwa kibaba, kwa kawaida kibaba kimoja kwa siku. Na watumwa waliosukumwa kuelekea pwani walikula kilichobaki, kama kilibaki.

Mwandishi wa hadithi za jikoni angefurahi na kibaba. Ni kipimo kinachohesabika. Msafara wa watu 100 unajua jioni ni vibaba vingapi vimetoka. Kikizidi kimoja, kuna mdomo uliojificha kambini.

Angefurahi zaidi na Halima. Huyu alikuwa mpishi wa David Livingstone, na Stanley anamweleza pale Ujiji mwaka 1871 akichungulia kutoka jikoni kila mara kuhakikisha kwamba kweli kuna Wazungu wawili barazani, akihangaika kama chakula kitatosha heshima ya mgeni. Livingstone alimsifu, akaandika kwamba wakifika Unguja angemwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani. Alifariki Mei 1873 kabla ya kufika. Kwihara, kilomita chache nje ya Tabora mjini, tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 limekuwa makumbusho, na mgeni husimuliwa mengi kuhusu wanaume wawili. Aliyejua nani alikula nini, nani aliumwa lini na nani aligombana na nani kambini alikuwa mwanamke wa jikoni.

Lakini kuleta hadithi ya sumu Tabora kuna tatizo la kiufundi, na linafurahisha kulifikiria. Katika riwaya ya Kiingereza kila mtu ana kikombe chake na sahani yake, kwa hiyo ni rahisi kumlenga mmoja. Kwetu watu wanakula sinia moja, ugali mmoja, bakuli moja la mlenda. Ukitia sumu humo umeua ukoo, nawe ukiwemo kama hukutaka kushukiwa kwa kutokula. Mwandishi lazima atafute mahali ambapo chakula kinaachana: uji wa mgonjwa, chakula cha baba kilichofunikwa kwa sababu amechelewa kurudi, asali iliyotengwa kwa ajili ya dawa ya kifua, kikombe cha mgeni. Na hata kikombe cha mgeni kina ulinzi wake, maana katika jamii nyingi za bara mwenye nyumba huonja pombe kwanza mbele ya mgeni. Desturi hiyo yenyewe ni sura nzima ya riwaya. Je, aliyeonja alimeza?

Vyakula vya huku vina ushahidi mwingine uliofichika. Matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa, na michembe, ambavyo huanikwa vibichi, hukaa miezi, kwa hiyo kilicholiwa Januari kinaweza kuwa kilitayarishwa na mtu aliyehama Agosti. Uyoga wa miombo huuzwa kandokando ya barabara wakati wa mvua, na mama anayeuza anajua ule usioliwa. Asali ya Tabora inajulikana nchi nzima. Mrina asali mzoefu anaionja na kukuambia imechanganywa au la. Mtu wa namna hiyo ni shahidi ambaye wakili hawezi kumyumbisha.

Jiko pia ni mahali ambapo ushahidi huteketea. Roald Dahl, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi ya kampuni ya mafuta Dar es Salaam kabla ya Vita Kuu ya Pili, ana hadithi fupi ya mwaka 1953 ambamo mke anamuua mumewe kwa paja la kondoo lililoganda, kisha analipika na kuwakaribisha polisi waliokuja kulitafuta silaha. Wakala wakashiba. Ni hadithi ya kuchekesha, ila inasema kweli: sufuria ikishaoshwa, umechelewa.

Sumu za kweli

Sumu ya riwaya nyingi ni ya kubuni, lakini baadhi ziko ghalani. Sparkling Cyanide, riwaya ya Christie ya mwaka 1945, inahusu sayanidi ndani ya glasi ya mvinyo. Muhogo mchungu nao hutoa sayanidi, na ndiyo sababu bibi zetu wanauloweka, wanauvundika na kuukausha vizuri kabla ya kuutwanga. Hatua hizo si ushamba. Zikirukwa kwa sababu ya njaa, watu huumia.

Kisa kinachokaribia zaidi riwaya kilitokea mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu walianza kuumwa tumbo, kutapika, matumbo kuvimba, macho kugeuka manjano. Waliougua walizidi 60 na wapatao 20 walifariki. Watoto walikuwa wengi. Wachunguzi wa afya walifanya kile ambacho Bwana Msa angefanya: walikwenda nyumba zenye wagonjwa na nyumba jirani zisizo na wagonjwa, wakauliza nani alikula nini, wakachukua sampuli za chakula na damu. Jibu likapatikana ndani ya mahindi. Yalikuwa yameota kuvu na kubeba sumukuvu kwa kiwango kikubwa mno. Hakuna aliyemlisha mwenzake sumu. Unyevu na uhifadhi mbaya vilitosha.

Sasa jiulize ingekuwaje kama hakuna aliyekwenda kuuliza. Watoto wa nyumba moja wanavimba matumbo na kufa, wa nyumba ya pili wazima kabisa. Jirani angetajwa.

Macho mekundu

Hapa ndipo hadithi hizi zinapoacha kuwa mchezo. Katika Tabora, Shinyanga, Mwanza na mikoa jirani, wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa miongo mingi kwa tuhuma za uchawi. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu za mwanzoni mwa miaka ya 2010 zilihesabu mauaji hayo nchini kwa mamia kila mwaka. Mojawapo ya "dalili" zilizotajwa ni macho mekundu. Na macho hayo yanatoka jikoni: miaka 40 au 50 ya kupuliza moto wa kuni, au wa kinyesi cha ng'ombe pale ambapo miti imekwisha, ndani ya kibanda kisicho na dirisha.

Tazama basi jinsi mambo yalivyogeuka. Miss Marple ni bibi kizee anayeishi peke yake, anajua habari za kila nyumba, anakumbuka nani aliugua lini. Ndiyo maana kijiji chake kinamtegemea. Bibi wa namna hiyohiyo, mwenye ujuzi huohuo, katika kijiji kingine anapigwa panga usiku kwa sababu hizohizo. Alijuaje? Kwa nini yeye hafi?

Utaratibu wa mauaji hayo umeelezwa mara nyingi. Kunatokea kifo au ugonjwa, watu wanakwenda kwa mpiga ramli, jina linatajwa au linadokezwa, wauaji wa kukodiwa wanatafutwa. Wanaotetea wazee wameonyesha pia kwamba nyuma ya ramli mara kadhaa kuna shamba: mjane ameshikilia ardhi, na kuna ndugu anayeitaka. Hilo ni swali la kwanza la mpelelezi yeyote wa vitabuni, kwamba nani anafaidika na kifo hiki. Katika ramli haliulizwi, kwa sababu huenda anayefaidika ndiye aliyelipa ada ya mganga.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye mpangilio. Katika ramli jina hutangulia, ushahidi hutafutwa baadaye au hautafutwi kabisa. Katika riwaya ya upelelezi jina haliruhusiwi kutajwa mpaka ukurasa wa mwisho, na hata hapo mpelelezi lazima aeleze mbele ya wote, hatua kwa hatua, na mtuhumiwa akiwepo na ana nafasi ya kujibu. Zaidi ya hapo, mtu wa kwanza kushukiwa karibu kila mara hana hatia. Msomaji wa vitabu vitano vya aina hii anakuwa ameshiriki kumshuku mtu asiye na kosa mara tano, na mara tano ameonyeshwa kwa nini alimshuku: sura yake, upweke wake, ulimi wake mkali.

Hatudai kwamba riwaya inazuia panga. Tunasema tu kwamba raha ya vitabu hivi inatokana na kungoja ushahidi, na kwamba Abdulla alilijua hilo alipomtuma Bwana Msa kwenye mzimu.

Pa kuanzia

Kwa Kiswahili anza na Mzimu wa Watu wa Kale, kisha Kisima cha Giningi. Vilisomwa sana shuleni, kwa hiyo uliza wazee waliosoma miaka ya 1970, huenda nakala iko kabatini, na uliza maktaba ya mkoa. Kiswahili chake ni cha Unguja, kina maneno ya pwani ambayo mtu wa Nzega au Sikonge atayapita kwa kukisia. Usiache kusoma kwa sababu hiyo. Anayesoma Kiingereza ajaribu Mma Ramotswe kwanza, maana lugha yake ni nyepesi, halafu Tannie Maria.

Usiruke maelezo ya chakula ukidhani ni kujaza kurasa. Waandishi hawa huficha kidokezo palepale ambapo unadhani unaambiwa tu kuhusu supu. Mwenye kalamu aandike pembeni nani alikuwa jikoni saa ngapi. Na kama kuna mapishi, yapike kwa ulichonacho. Keki ya Karoo inakubali asali ya Sikonge badala ya sukari, punguza tu maji kidogo.

Vitabu hivi vinasomeka vizuri zaidi kwa sauti, watu wanne au watano, sura mbili kila jioni. Mkifika sura ya mwisho funga kitabu. Kila mmoja aandike jina la muuaji kwenye karatasi, pamoja na namba ya ukurasa wenye ushahidi wake, na karatasi zote zitiwe kwenye bakuli kabla ya kuendelea. Aliyetaja jina bila ukurasa ndiye ataosha vyombo.